Skii za Kukulia

Bukta yangu ya darasa la kwanza ilinikaa vizuri nilipofika darasa la sita. Miaka ile ya mwanzo nilikuwa nimo ndani yake kama ulimi ndani ya kengele, nikitembea inapiga huku na huku, na mkanda umenizunguka kiuno mara mbili na bado unabaki wa kumfungia mbuzi. Viatu vyangu vilijazwa magazeti mbele. Nilikwenda shule na habari za nchi nzima vidoleni.

Mama hakuwa mchoyo, msije mkanielewa vibaya. Alikuwa mtu wa kuangalia mbele. Nguo ikikutosha sawasawa siku ya kwanza, kwake hiyo ilikuwa nguo iliyokwisha kufa. Nguo halali ilikuwa nguo ya kukulia. Wala hakutubeba kwenda kupima. Alichukua njiti ya ufagio, akailaza chini ya unyayo wako, akaivunja karibu na kidole gumba. Nasema karibu, kwa sababu hapo katikati, kati ya kidole na pale alipovunja, ndipo ulipokuwa ujanja wake wote. Kisha akaichomeka njiti kwenye kilemba, akaenda nayo sokoni.

Tabia hiyo nilivuka nayo bahari, na uwanja wa ndege wa Toronto hakuna aliyeikagua.

Sasa nina binti wa miaka tisa. Tunakaa ghorofa ya kumi na nne kwenye majumba marefu ya mtaa wa Jane na Finch, na majira ya baridi yaliyopita shule yao ilipeleka darasa zima kwenye kilima cha skii, Ijumaa nne mfululizo. Kwa asiyezijua, skii ni mbao mbili nyembamba, ndefu, zilizopinda mbele, ambazo watu wenye akili zao timamu hujifunga miguuni ili waanguke mlimani kwa mpangilio. Ada ya safari inajumuisha za kuazima, ila mwenye zake anaruhusiwa kuja nazo.

Ijumaa ya kwanza binti alirudi amenuna. Tulikuwa mezani, mimi na mama yake, tukasubiri. Foleni ya kuazima skii ilikuwa ndefu mno, akasema. Alipozipata na kufungwa, somo lilikuwa limebaki dakika kumi. Na kule kuna sheria: anayeweza kushuka kiteremko kidogo na kusimama mwenyewe kabla ya nguzo ya rangi ya machungwa, anapanda juu kwa viti vya kuning'inia kwenye waya pamoja na wakubwa. Asiyeweza anabaki chini na watoto wa chekechea. Rafiki yake mkubwa alifaulu. Yeye hata kujaribu vizuri hakupata.

"Ijumaa ijayo ndiyo ya mwisho kujaribiwa," alisema. Binti yangu anaongea Kiingereza, na Kiswahili anakipachika pale anapotaka nisijifanye sijasikia. "Nikishindwa, nabaki na babies mpaka mwisho. Wanaimba wimbo wa pengwini. Ukifika chini unabandikwa stika." Akavuta kifua cha sweta tuone. "Baba, nina miaka tisa, na nimebandikwa pengwini."

Mama yake aligeuka akatazama dirishani, mabega yanamtetemeka. Mimi nilipiga meza.

"Kesho nakununulia skii zako mwenyewe! Foleni itakuona kwa mbali tu unapita!"

Nilitegemea shangwe. Badala yake aliniangalia kama wakili anavyomwangalia shahidi.

"Baba. Plizi. Usininunulie za kukulia."

"Mimi?" nikasema. "Kwani mimi mtu wa hivyo?"

Aliinua mguu, akanionyesha buti la theluji nililomnunulia Novemba. Lilibaki sakafuni.

Nilimwahidi. Nililala nikiwa mtu mwenye ahadi, nikaamka hivyo hivyo, na Jumamosi asubuhi, kwa kuwa yeye alikuwa na mazoezi ya kwaya, niliamua kwenda dukani peke yangu na vipimo. Nikamsimamisha mlangoni na kipande cha kamba ya kuanikia nguo.

"Za Ijumaa zilikufika wapi?"

"Hapa," akasema, akagusa kidevu. "Mwalimu alisema anayeanza, ncha ifike kidevuni. Sio juu."

Nikaweka mwisho wa kamba kwenye kisigino, nikapandisha mpaka kidevuni, nikapiga fundo mbele ya macho yake. Kamba ya pili ikapima unyayo. Akaridhika, akaenda zake kwaya.

Nikaingia kwenye lifti. Sasa, ghorofa kumi na nne ni mwendo mrefu kwa mtu mwenye mawazo. Ghorofa ya kumi na moja nilijiambia: mtoto huyu anakua kama mbigili. Ghorofa ya tisa: mwakani ana miaka kumi, skii hizi zitakuwa za kuchokolea meno. Ghorofa ya saba nilikumbuka kwamba mimi si mtu wa kubahatisha. Nilisoma hesabu shule ya jioni hapa hapa Toronto, nikiwa na miaka arobaini na moja, nikapata B, na mwalimu alitikisa kichwa kwa mshangao mpaka miwani ikamdondoka. Nikakadiria kasi ya ukuaji. Nilipofika chini nilikuwa nimepiga fundo la pili, shubiri mbili juu ya la kwanza, na kwenye kamba ya unyayo nimeongeza vidole viwili. Nikatoka lifti mwepesi, kama mtu aliyetoka kusali.

Duka lenyewe linauza vifaa vya michezo vilivyotumika, na mwenyewe ni bibi mmoja Mwismailia aliyezaliwa Mwanza. Umri wake unapita sabini, urefu wake haupiti kaunta sana, na Kiswahili chake kinanitia aibu mimi niliyezaliwa Morogoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto wa kuvaa yuko wapi?"

"Yuko kwaya. Nimekuja na kamba."

Aliipokea, akainyoosha mbele ya uso, na macho yakamlegea kwa furaha. "Jamani! Mama yangu alikuwa akipima hivi hivi, kwa njiti. Miaka sitini sijaona mtu akija dukani na kipimo kama hiki." Kisha furaha ikasimama ghafla, kama redio iliyokatiwa umeme. "Na alikuwa anaongeza. Wewe hujaongeza?"

"Aa, mama! Mimi?"

"Hili fundo la chini la nini?"

"Hilo liliingia lenyewe mfukoni."

Akaisimamisha kamba pembeni ya mwili wake. Fundo la juu likampita kichwa. "Kidevu cha mtoto wa miaka tisa kiko hapa juu? Basi akiinua uso atagonga taa za barabarani."

"Ukoo wa mke wangu ni warefu," nikasema. Mke wangu akivaa viatu vya kisigino ananifika begani. Mungu ananiona.

Yule bibi alishusha pumzi, akanitolea skii zilizolingana na fundo la juu, na viatu vyake, vile vigumu kama ndoo za zege. Ila vile vibano vinavyoshika kiatu kwenye skii alikataa kuvirekebisha. "Hivi hukazwa kwa uzito wa mtoto na urefu wake na kiatu chake. Vikilegea anachomoka ovyo. Vikikaza mno, akianguka mguu haufunguki, unavunjika. Mlete mwenyewe, nimwone kwa macho. Na zikizidi, rudisha, nitakubadilishia. Hata mwakani akikua, rudisha, chukua nyingine. Ndiyo kazi ya duka hili. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nilisikia hasa kwamba mwakani ningerudi, na mimi nilikuwa nimenunua ili nisirudi mpaka mtoto ameolewa.

Safari ya basi sitaisimulia yote. Itoshe kusema kwamba nilipokaa nyuma, ncha za skii zilikuwa zinamsaidia dereva kubonyeza honi.

Nyumbani nilizisimamisha sebuleni kando ya binti. Zilimpita kichwa kwa shubiri na zaidi. Alizitazama kutoka chini kwenda juu, na akaendelea kwenda juu.

"Hizi ni zako?" aliuliza kwa upole.

"Za kwako! Utazi..."

"Usiseme."

"...kulia."

Mama yake alitoka chumbani. Yeye ni muuguzi, amezoea kuona mambo mabaya bila kupiga kelele. Alizunguka skii mara moja. "Umemnunulia mwanangu mitumbwi," akasema. "Kwani unashangaa nini, mama?" akamwambia binti. "Suti aliyonioa nayo bado anaikulia. Kwenye picha wanauliza bwana harusi yuko wapi, nawaambia ni yule anayechungulia kwenye kola."

"Ilikuwa mtindo," nikasema.

"Basi wewe mwenyewe utamweleza mtoto mtindo huo Ijumaa akibandikwa pengwini. Mimi simo."

Nilivikaza vibano kwa bisibisi ya kuungia vitanda, nikijua wazi nilichokatazwa. Viatu nikavijaza soksi: jozi nne kila kimoja. Tukafanya mazoezi kwenye korido, juu ya zulia. Kwenda mbele alikwenda. Kugeuka ndiko kulikokuwa na mgogoro, maana korido yetu haikujengwa kwa ajili ya malori. Alirudi nyuma, akaenda mbele, akarudi nyuma, nami nikawa namwelekeza kwa mikono kama utingo: njoo, njoo, kata kulia, simama! Ncha ya nyuma ikagonga mlango wa jirani. Jirani alifungua, akatuona, akafunga polepole, na nikasikia komeo zote tatu.

Jumapili mchana tulikwenda kwenye kilima cha bustani nyuma ya majumba, pale watoto wanaposererekea kwenye visahani vya plastiki. Nilimfunga, nikamkumbusha alichofundishwa: visigino nje, ncha zikaribiane, umbo kama kipande cha pitsa, ndiyo breki. Akashuka.

Mwanzo ulikuwa mzuri sana. Ulidumu sekunde mbili. Kisha akatanua visigino, na ndani ya kile kiatu kisigino chake kilitanuka kweli, ila kiatu hakikupata taarifa. Mguu uligeuka, kiatu kikabaki kinatazama mbele kama askari wa gwaride. Ncha zikapandana. Binti akaenda chini upande wa kushoto, na kwa kuwa kibano nilikuwa nimekikaza kwa mikono miwili, kiatu hakikuachia skii hata chembe. Kilichoachia ni mguu. Ulichomoka ndani ya kiatu, laini, kama ndizi iliyoiva inavyotoka kwenye ganda.

Skii ile ikaendelea na safari peke yake. Imebeba kiatu, kiatu kimebeba soksi jozi nne, wima kabisa, inashuka vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona mlimani siku hiyo. Iliwapita watoto wawili, ikampita mbwa, mbwa akaikimbiza mpaka kwenye uzio. Naapa ilisimama yenyewe kabla ya uzio. Ingekuwa ni Ijumaa, ile skii ingefaulu.

Nilipomfikia binti alikuwa amekaa kwenye theluji, soksi moja hewani. Nilikuwa nacheka. Alikuwa halii, na hilo ndilo lililonikata kicheko. Alikuwa amekaa tu, anatazama kiatu kule mbali.

"Ungevunjika mguu," nikasema, zaidi kwa nafsi yangu.

"Nilikuambia kidevuni," akasema. "Nilisimama vizuri mlangoni. Ulipiga fundo nikaliona."

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na njia nzima nikawa nasema "haya, haya," kama mtu anayefukuza kuku.

Jumatatu baada ya shule tulikwenda dukani wote wawili, mimi nimebeba mitumbwi. Yule bibi alimwona binti mlangoni, akaweka chini kikombe cha chai.

"Huyu ndiye ukoo wa warefu?"

"Shikamoo," binti akasema, kwa Kiswahili safi, jambo ambalo kwangu huwa halitokei mpaka wageni wakae saa moja.

"Marahaba, mwanangu. Simama hapa." Akadai kamba. Nikaitoa. Akaiweka kisigino, akapandisha: fundo la chini likatua kidevuni kama lililozaliwa pale. Fundo la juu likaelea hewani juu ya kichwa cha mtoto. Yule bibi alilishika kwa vidole viwili, akaligeuzageuza. "Liliingia lenyewe mfukoni," akasema.

"Niliongeza, mama," nikasema. "Niliongeza kwenye lifti. Na vibano nilivikaza mwenyewe kwa bisibisi. Jana alianguka."

Hakunigombeza, alifanya kibaya zaidi. Alikwenda nyuma, akarudi na viatu vya skii vikubwa kama masinki mawili ya jikoni.

"Unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Hivi ni arobaini na saba. Vaa. Utakua."

"Mama, nina miaka arobaini na sita."

"Vaa."

Nikavaa. Binti alikaa kwenye benchi, mikono magotini, kama aliyekata tiketi.

"Nenda mpaka kwenye zile fimbo za hoki, geuka, urudi."

Kwenda nilikwenda. Nilipogeuka, mimi niligeuka, viatu vikaendelea kutafakari. Nilishika kitu cha kwanza nilichokiona, nacho kilikuwa fimbo ya hoki, nayo ilikuwa imeegemea fimbo nyingine, na hiyo nyingine, ishirini na kitu kwa jumla. Mlio wake ulisikika mpaka Morogoro. Nilipofungua macho nilikuwa chini na fimbo zimenifunika kama kuni, na kutoka benchi kulikuwa kunatoka kicheko cha mtoto, kile cha kukosa pumzi, cha kwanza tangu Ijumaa.

"Sasa umeelewa," alisema yule bibi, na akaniacha pale pale akahudumie mteja wa kweli.

Alimpima uzito. Alimvulisha soksi nene, akambakishia moja nyembamba. Alitoa kile kiatu laini cha ndani, akamwambia atie mguu kwenye lile ganda tupu, asogeze vidole mbele, kisha akapenyeza kidole chake kimoja nyuma ya kisigino. "Kimoja kinaingia. Viwili hapana. Hapo sawa." Akakirudisha cha ndani, akafunga, akamwambia akunje magoti. "Vidole vinagusa mbele?"

"Vinagusa. Nikikunja havigusi... vinaacha."

"Na kisigino?"

"Hakiinuki."

"Ndiyo hicho." Akamletea skii, akazisimamisha pembeni yake. Kidevuni. Barabara. Nikiwa bado napanga fimbo za hoki, nilisikia mdomo wangu ukisema wenyewe, "Labda zile za pale, zinazofika puani, kidogo tu..."

"Hapana," walisema wote wawili, kwa pamoja, bila kugeuka.

Ijumaa nilijitolea kama mzazi wa kusaidia kufunga viatu. Nilifunga viatu vya watoto sitini. Kwa hesabu yangu walikuwa mia nne. Foleni ya kuazima ilikuwa imejikunja mpaka mlangoni, na binti aliipita na skii zake begani bila kuitazama. Kisha nikaenda kusimama chini, karibu na ile nguzo, mahali ambapo mwalimu aliniomba mara mbili nisisimame.

Zamu yake ikafika. Alishuka. Kipande cha pitsa kikafunguka, visigino nje, na safari hii miguu ilisema na skii zikasikia. Nilianza kupiga kelele za furaha. Katikati ya kiteremko aliinama kidogo kama walivyofundishwa, na koti lake likapanda.

Koti. Nilikuwa nimesahau koti. Nililinunua mimi, msimu uliopita, na halijaanza hata kufikiria kumtosha. Kola ilipanda ikameza kidevu, ikameza pua, ikafika kwenye ukingo wa kofia ngumu, na mwanangu akawa koti tupu linateleza mlimani, lina miguu chini. Mikono haikuonekana pia, imo ndani ya mikono.

"Simama!" nililia. "Visigino! Visigino, mama!"

Sijui kama alinisikia humo ndani. Alitanua visigino zaidi. Skii zikakwaruza, theluji ikaruka, mwendo ukapungua, ukapungua tena, na koti likasimama. Hatua mbili nzima kabla ya nguzo. Alisimama bila kuona kitu, kwa kusikiliza miguu yake tu, na alibaki amesimama hivyo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kama amefika.

Mwalimu alikwenda akamshusha kola. Uso ukatokea.

"Nimepita nguzo?"

"Hujaigusa," mwalimu akamwambia. "Nenda juu."

Rafiki yake alikuwa anamsubiri kwenye foleni ya viti. Ila binti alipita kwanza kwangu, akanyoosha mikono yote miwili mbele, na mikono ya koti ikaning'inia kama ya mtu anayetembea usingizini.

"Kunja," akasema.

Nilikunja mikunjo mitatu kila mkono, nikaikaza. Kola nikaikunja ndani, nikaibana kwa pini ya beji yangu ya mzazi. Alijaribu kuinama, akaona mbele, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka.

Kiti kiliwabeba wawili, miguu inabembea, skii zimening'inia chini yao, fupi, za saizi yao. Nilipunga mkono kwa nguvu zote mpaka mwalimu akaniomba kwa mara ya tatu nisogee. Binti hakugeuka. Alikuwa anamweleza rafiki yake jambo fulani kwa mikono, anaonyesha kitu kirefu, kirefu mno, halafu mtu anaanguka, halafu fimbo nyingi sana, na kicheko chao kilinifikia hata walipokuwa wamekwisha kupita miti.